Jina la Mume wa Bhoke

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, na mkunga kijana aliyezipokea akanishika mkono akasema, "Mama, tuandikie basi uliyoyaona, maana sisi tunaingia hivi hivi tu." Basi nimenunua daftari la mistari, nimekaa nalo mezani. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, kwa sababu vyote viwili vilichelewa, na vilipofika nilikuwa nimeshavisahau. Nitaandika nilivyofika, nani alinifundisha, na siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka kichwa kinanizunguka.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Nilipomaliza chuo cha uuguzi na ukunga nilipewa barua ya kunitaka niripoti Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara. Nilimrudia mwalimu wangu kumuuliza kama jina la wilaya halikukosewa. Akasema nchi ni moja, niende. Nilipanda treni hadi Mwanza, meli hadi Musoma, basi hadi Tarime mjini, na kutoka pale Bomani nikapakiwa juu ya lori la chama cha ushirika lililokuwa likienda kuchukua kahawa vijijini. Nilikuwa na sanduku la bati na taa ya chemli. Taa ilifika bila kioo.

Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba vitatu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Nyarero. Wanakijiji waliijenga wenyewe kwa kujitolea baada ya watu kuhamishiwa pamoja, na kila kundi la nyumba kumi lilipewa ukuta wake. Ukitazama vizuri uliweza kujua kundi lipi lilikuwa na fundi na lipi lilikuwa na maneno. Mganga msaidizi, ambaye ndiye alikuwa mkuu wetu, nilimkuta anafunga begi kwenda semina. Ilikuwa miaka ya semina. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Magige, dresa, mtu wa huko huko, aliyeanza kuosha vidonda tangu enzi za mkoloni.

Huyu ndiye mwalimu wangu wa kweli. Chuoni nilifundishwa sindano zinavyochemshwa. Magige alinifundisha kupitisha ncha ya sindano juu ya pamba, na ikinasa nyuzi uinoe kwenye jiwe kabla hujamchoma mtu. Alinifundisha kuwasha jiko la mafuta ya taa lisilotaka kuwaka, na kupasua khanga kuukuu kuwa bendeji pale bendeji zenyewe zinapokosekana, yaani karibu mwaka mzima. Alinifundisha pia kwamba mgonjwa huku haulizwi anaumwa wapi kabla hajaulizwa wamelalaje nyumbani, watu kwanza, kisha ng'ombe. Nilidhani ni kupoteza muda. Baadaye nikaona kwamba kwenye habari ya ng'ombe ndimo ugonjwa unamojitokeza: nani amebaki kuwakamua, nani hawezi tena kuinuka.

Jambo moja tu nilijiona namzidi Magige, nalo ni karatasi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilikuwa na maringo nao. Mwalimu wetu chuoni alitukaririsha kwamba fomu ya serikali haikwaruzwi. Ukiikwaruza umeiharibu, na ukiiharibu utaeleza. Zahanati ilikuwa na kitabu kimoja cha fomu za rufaa, na kikiisha ungeweza kungoja kingine miezi. Fomu ile iliuliza jina la mgonjwa, kijiji, uraia, jina la mume kama ni mwanamke, na chini kabisa sahihi ya mume kukubali mkewe apasuliwe ikibidi. Niliijaza kwa herufi za kusimama, na mhuri nikaugonga katikati ya duara lake. Magige alikuwa akinitazama na kusema, "Sista, wewe ungefaa posta."

Halafu mpaka ukafungwa. Serikali mbili ziligombana huko juu, sisi tukasikia redioni kwamba barabara ya Sirari haipitiki tena. Mimi mtu wa kuja nilidhani kufungwa ni kufungwa. Lakini watu wa huku wana shangazi upande ule na ng'ombe upande huu, na kati ya shangazi na ng'ombe kuna mashamba ya mahindi tu. Waliendelea kupita. Sisi watumishi tulionywa kwamba mtu yeyote wa ng'ambo aandikwe vizuri, maana huenda ni mtu wa magendo. Kuanzia hapo kila mgonjwa nisiyemjua nilimuuliza anatoka nchi gani, na kila mmoja alinitazama kama vile nimemuuliza ana macho mangapi.

Siku yenyewe ilianza asubuhi, saa mbili hivi. Mganga alikuwa semina. Magige alikuwa ametoka alfajiri kwenda kijiji cha pili kuchanja watoto. Nilikuwa peke yangu na chungu cha maji ya kuchemsha. Nikaona watu watatu wanakuja: mama mtu mzima, mrefu, anatembea mbele, mwanamke kijana mjamzito amejiegemeza kwa mwanamume, na mwanamume mwenyewe, amevaa koti la shule la mtu mwingine.

Nilimwamkia yule mama shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Robi. Huyu ni Bhoke. Tumekuja kwa msiba wa kaka yangu hapo Nyarero, na tumbo limemshikia kwa msiba. Tangu juzi jioni."

"Mmetoka wapi, mama?"

"Kule," akaonyesha kwa mdomo, upande wa Kenya. "Si mbali."

Nilimlaza Bhoke kitandani. Ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza, mtoto alifia tumboni. Nilipompapasa nikakuta tumbo limefanya mkunjo katikati, na yeyote aliyesoma ukunga anajua kwamba mkunjo ule ni onyo: mtoto amekwama na kizazi kinakaribia kuchanika. Nikaweka pembe yangu ya mbao, nikasikiliza. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda mbio, lakini ulikuwapo. Huyu alihitaji kisu, na kisu kilikuwa Tarime mjini.

Bahati ilikuwa upande wetu, au hivyo nilidhani. Lori la ushirika lilikuwa limesimama sokoni linapakia kahawa. Nikakimbia, nikamsihi dereva, akakubali kutuchukua. Alisema atapiga honi mara moja tu. Nikarudi mbio, nikakaa mezani kuandika rufaa.

"Mume wake anaitwa nani?"

"Mume ni mimi," akasema Robi.

Nilidhani Kiswahili kimemshinda. Wengi pale walijifunza Kiswahili ukubwani, na mimi mwenyewe Kikurya changu kilikuwa salamu tatu. Nikauliza tena taratibu, kwa sauti ya juu, kama vile ni kiziwi.

"Mama, wewe ni mkwe wake, nimeelewa. Nauliza mume. Aliyemuoa."

"Nimemuoa mimi."

Nikamgeukia yule mwanamume. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Marwa, sista. Mimi hapo nasaidia tu."

"Unasaidia nini?"

Akatazama chini. Bhoke, pamoja na uchungu ule wote, aligeuza uso ukutani, na mabega yake yakatikisika. Nilifikiri analia. Leo nadhani alikuwa anacheka.

"Mimba hii ni ya nani?" nikauliza, maana saa ilikuwa inakwenda.

"Ni yangu," akasema Robi.

"Ni yake," akasema Marwa, akimwonyesha Robi.

Sasa nikaanza kuwashuku. Watu wa ng'ambo, mume hajulikani, kila mmoja anasema lake. Nilijiona mbele ya meza ya katibu kata nikieleza ni akina nani niliowapakia kwenye lori la ushirika. Nikadai vitambulisho. Wanawake wale wawili hawakuwa na karatasi yoyote duniani. Marwa akatoa kipande chake cha Kenya, kimefungwa ndani ya nailoni, chenye jina kamili na alama ya dole gumba. Moyo ukatulia. Hatimaye kitu kilichoandikwa! Nikanakili jina lake lote pale penye mume, nikamshika kidole nikakibandika kwenye wino kabla hajasema neno, nikakikandamiza chini ya fomu, nikagonga mhuri. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

"Umeandika nini?" Robi akauliza. Hakujua kusoma.

"Marwa, mumewe. Twendeni."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Robi akaenda kusimama mlangoni, mkono huku na mkono huku.

"Karatasi hiyo ni mbaya. Iondoe."

"Mama, haikwaruzwi. Ni ya serikali."

"Ndiyo maana iondoe."

Marwa naye alikuwa anapangusa kidole kwenye koti kama kimemwagikiwa sumu. "Sista, mimi sitaki. Watasema nimeiba. Tafadhali, toa hiyo jina yangu."

Nikamwendea Bhoke. Nilijua mgonjwa mwenyewe atataka kuishi. Nikamwambia mtoto yu hai, lori liko nje, tukichelewa watakufa wote wawili. Alinisikiliza hadi mwisho, jasho linamtiririka, akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko cha wenzake, "Siendi na hiyo karatasi. Mtoto akizaliwa nayo, si wetu tena."

Honi ikalia. Mara moja, kama alivyosema.

Wadogo zangu, nawaambia ukweli kama ulivyokuwa. Ningeweza kuichana. Ilikuwa karatasi moja. Ningeweza kwenda bila karatasi kabisa. Hospitali gani ingemfukuza mwanamke katika hali ile? Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilifundishwa kwamba asiye na fomu si mgonjwa. Nikasimama katikati ya chumba na kitabu mkononi nikibishana na mama mtu mzima, na nikasikia lori linabadilisha gia likipanda kilima. Sikuelewa hawa watu wanakataa nini, wala mimi mwenyewe nang'ang'ania nini. Nilikasirika, kisha nikaogopa.

Nilimpa Bhoke maji ya glukosi, nikamlaza ubavu, na kila baada ya dakika chache nikaweka pembe na kusikiliza. Moyo ulikuwapo. Ukapungua, ukarudi. Robi hakuondoka mlangoni. Marwa alikuwa amekwenda kukaa mbali kabisa, kwenye jiwe, kama mtu aliyefukuzwa.

Magige alirudi karibu na saa sita, na sanduku la chanjo begani. Alisalimiana na Robi kwa Kikurya, salamu ndefu, na mimi nikataka kupiga kelele. Watu wamelala salama, ng'ombe wamelala salama. Kisha Robi akasema maneno machache. Magige akanigeukia.

"Sista, hapo kwenye mume umeandika jina la nani?"

"La Marwa. Ana kipande."

Akavua kofia. "Huyu mama hakuzaa mtoto wa kiume, na mume wake alishakufa. Kwa hiyo alitoa ng'ombe, akamuoa Bhoke, awe mke wa nyumba yake. Sisi tunaita nyumba ntobhu. Marwa alichaguliwa asaidie kupata mtoto, basi. Mtoto ni wa Robi. Wewe umemchukua mtoto wa watu ukampa Marwa kwa wino wa serikali."

"Mwanamke kamuoa mwanamke?"

"Kamuoa."

"Na wewe hukuniambia? Miaka miwili niko hapa!"

"Kitu ambacho kila mtu anakijua nani anakisema?" Akanipokonya kitabu, akaichana ile fomu, akaichana tena, akampa Robi vipande. Robi akavifunga kwenye pindo la khanga. Kisha Magige akaniwekea kalamu mkononi. "Andika nyingine."

"Niandike mume nani?"

"Si amekwambia?"

"Hilo ni jina la mwanamke, mzee. Hospitali watanicheka."

"Wacha wacheke."

"Na uraia?"

"Kwani wamelala wapi jana? Nyarero. Andika Nyarero. Huo uraia atauliza mwenye muda."

Nikaandika. Kwa haraka ile herufi zikalala. Robi akaweka dole gumba lake mwenyewe, akalikandamiza kwa nguvu. Na pale pale akaacha mlango, akamwinua Bhoke kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Lori halikuwapo. Magige alikwenda shamba la kijiji, akarudi amekaa kando ya dereva wa trekta, tela nyuma likiwa bado na majani ya mahindi. Tulitandika godoro la zahanati, na mimi nikapanda na pembe yangu. Barabara ile mnaijua. Kila shimo Bhoke alinibana mkono. Mahali fulani kabla ya kufika mjini maumivu yalikatika ghafla, akasema, "Sasa nafuu." Yeye alidhani ni nafuu. Mimi nilijua kizazi kimechanika, nikamfunika.

Daktari hakusoma fomu. Alimtazama Bhoke mara moja tu akapiga kelele waandae chumba. Sisi tukakaa nje kwenye benchi, mimi na Robi, jua likiwa bado juu. Nilikuwa najaribu kufikiri mwanamke huyu ni nani wa mwanamke yule, na kila nikipata jibu linateleza. Nilichoweza kuona ni kwamba alikuwa anahesabu vidole vyake, kimoja kimoja, anarudia tena, kama afanyavyo mume yeyote nje ya chumba kile.

Daktari alipotoka alizungumza nami kwa kuwa nilivaa sare. Mama atapona. Mtoto amezaliwa amechoka, lakini amelia. Imebidi kizazi kitolewe.

Nikamuuliza, "Tungefika saa tatu asubuhi?"

"Labda tungekiokoa," akasema. "Labda kisingeokoka. Siwezi kujua."

Na mimi siwezi. Nimezalisha wanawake wengi tangu siku ile, na sijapata wa kuniambia. Nilimwendea Robi nikamweleza yote. Nilimwambia ni mtoto wa kike, na kwamba Bhoke hatazaa tena, na kwamba huenda sababu ni mimi. Nililia, mbele ya watu, na sare yangu.

"Wa kike," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Huyu atakua. Ng'ombe wake watatuolea mke mwingine." Akavuta pumzi. "Bhoke yu hai?"

"Yu hai."

"Basi."

Kama alinisamehe sijui. Hakusema, nami sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Nililala wodini na Bhoke, kwenye mkeka.

Asubuhi karani wa hospitali alikuja na daftari kubwa la vizazi, mtu wa mjini, kalamu mbili mfukoni. Aliandika jina la mama. Akaandika jinsia ya mtoto. Robi alikuwa amesimama nyuma yangu, macho yote kwenye ncha ya kalamu.

"Baba?"

"Robi," nikasema.

Karani akainua kichwa. "Robi si ni jina la kike?"

"La kike."

"Sista, nimeuliza baba."

"Nami nimekujibu. Andika Robi."

"Yuko wapi huyo Robi?"

"Huyu hapa."

Alimtazama Robi, akanitazama mimi, akatazama fomu yenye herufi zilizolala na dole gumba chini yake. "Mimi sielewi," akasema.

"Hata mimi sielewi. Andika."

Akaandika. Robi akaniuliza kwa sauti ya chini kama ameshaandika, nikamwambia ameshaandika. Akataka nimwonyeshe ni wapi. Basi nikakishika kidole chake, kilekile nilichoshindwa kukiomba jana yake asubuhi, nikakiweka juu ya jina lake. Wino ulikuwa haujakauka. Kidole kikatoka na doa, na hakukifuta.